Faili Lisilo na Mgonjwa

Shikamooni wazazi mliokaa huko nyuma. Wadogo zangu mnaotaka kuomba shule za udaktari hapa Marekani, hamjambo?

Aliyenialika alinisihi nisizungumzie alama, kwa sababu alama mmeimbiwa tangu siku ya kwanza chuoni. Nitamtii, ila niziondoe njiani kwanza, maana kuna uongo wa kufarijiana unaosema ukiwa na moyo mzuri alama si kitu. Ni kitu. Kila mwaka watu zaidi ya 50,000 huomba shule za udaktari za Marekani zinazotoa shahada ya M.D., ile ya udaktari wa tiba, na wanaoingia ni kama 23,000. Wastani wa alama za chuo za wanaoingia unakaribia 3.8 kati ya 4. Kwa MCAT, mtihani wa kuombea shule za udaktari, ambao alama zake zinaanzia 472 na kuishia 528, wastani wao ni kama 511 au 512. Ukiwa chini kidogo ya hapo hujafa. Huo ni wastani, na darasa zima haliwezi kuwa juu yake. Ukiwa chini sana, rudi kwenye vitabu kwanza, haya mengine yatakusubiri.

Sasa geuza upande. Hata katika kundi la alama za juu kabisa, wale ambao jirani zenu huwatolea mfano mezani, zaidi ya mmoja kati ya kumi hukataliwa na kila shule aliyoomba. Kila shule. Nawafahamu watu wa namna hiyo, maana mimi nilikuwa mmoja wao.

Niliomba shule kumi na nne. Tatu ziliniita kwenye usaili, kisha zote kumi na nne zikanikataa. Nilikaa wiki mbili bila kumwambia baba. Halafu nikaanza kupiga simu kwenye ofisi za udahili kuuliza nilikosea wapi. Nyingi hazikuwa na muda na mimi. Mama mmoja, ambaye hakuwa na wajibu wowote wa kupokea simu yangu, alinipa dakika kumi. Alisema amelipitia faili langu mwanzo hadi mwisho na hakukutana na mgonjwa hata mmoja. Panya walikuwemo, miaka miwili ya panya wa maabara. Chama cha wanafunzi kilikuwemo, tena nikiwa katibu. Vyeti vilikuwemo. Mgonjwa hakuwemo.

Nilikasirika, kwa sababu insha yangu ilianza kwa kusema kwamba tangu utotoni nilitaka kuokoa maisha ya watu. Ilinichukua siku kadhaa kuona kilichomsumbua yule mama. Nilikuwa nataka kuokoa watu ambao sijawahi kukaa nao chumba kimoja.

Siku hizi nakaa upande wa pili wa meza, nasoma mafaili ya waombaji. Niwaambie tunachotafuta, maana huko mtandaoni mmeambiwa mambo mia. Kamati ikishajiridhisha kwamba kichwa kinaweza masomo, swali linalobaki ni moja: huyu anajua anachokiomba? Anaomba miaka minne ya shule, kisha mafunzo ya hospitali ya miaka mitatu hadi saba kutegemea fani, na pengine deni la mamia ya maelfu ya dola. Mtu akigundua mwaka wa tatu kwamba harufu ya kidonda inamshinda, au kwamba hapendi kuongea na watu wanaoogopa, hasara ni yake, ni ya shule, na ni ya yule aliyenyimwa nafasi hiyo. Kwa hiyo tunatafuta ushahidi. Maneno "napenda kusaidia watu" si ushahidi. Hata mwenye mgahawa anapenda kusaidia watu.

Ushahidi mwepesi kuupata ni kufuatana na daktari kazini. Unaomba ruhusa, unasimama kwenye kona, unatazama. Fanyeni, na msimfuate mmoja tu. Fuata daktari wa familia anayeona wagonjwa ishirini kwa siku na kutumia jioni yake kujaza kumbukumbu kwenye kompyuta, kisha fuata mwenye fani nyingine kabisa. Lakini ukishafikisha saa hamsini hivi umeshaona ulichopaswa kuona. Naona mafaili yenye saa mia tatu za kusimama kwenye kona, nami najiuliza: mia tatu? Hukuona kitu cha kufanya?

Kwa sababu kuna ushahidi wa uzito mwingine kabisa, nao ni kazi ambayo usipokwenda leo kuna mtu ataona pengo. Muuguzi msaidizi. Fundi wa huduma za dharura kwenye gari la wagonjwa, kazi ambayo mafunzo yake ni ya miezi michache. Msukuma vitanda. Mwandishi anayekaa na daktari na kuandika maelezo ya mgonjwa. Anayejitolea hospisi, kukaa na mtu aliyebakiwa na wiki chache. Hizi ndizo kazi zinazokuonyesha mwili wa binadamu bila pazia, na zinakuonyesha pia ngazi ya hospitali ukiwa umesimama chini yake. Daktari ambaye hajawahi kubadilisha shuka yenye mkojo huwaongelesha wanaozibadilisha kwa sauti ya aina fulani. Mnaifahamu sauti hiyo. Wengine wenu mama zenu wanaisikia kila zamu.

Mimi baada ya ile simu nilienda kufanya kazi kwenye kituo cha kulea wazee, zamu ya usiku, mwaka mmoja na miezi miwili. Palikuwa na mzee mmoja aliyepoteza kumbukumbu. Kila usiku saa nane alitoka chumbani amevaa kofia, akaniuliza basi la kwenda kazini linapita saa ngapi. Wiki za kwanza nilimsahihisha. Mzee, hakuna basi, mzee umestaafu, mzee hapa ni kituoni. Alikuwa analia, kisha mimi namrudisha kitandani, kisha anatoka tena. Muuguzi mmoja wa makamo, mama asiye na maneno mengi, alinitazama usiku mmoja, akavuta viti viwili karibu na mlango, akamwambia mzee basi limechelewa, tukae tusubiri. Wakakaa. Baada ya dakika ishirini mzee akasema baridi imezidi, atakwenda kesho, akarudi kulala mwenyewe.

Mwaka uliofuata niliomba tena, nikaandika habari za basi. Sikuandika kuokoa maisha ya mtu. Niliandika jinsi nilivyomliza mzee kwa wiki tatu kwa sababu nilidhani ukweli na matibabu ni kitu kimoja, na kwamba mpaka leo sina hakika kama kumdanganya ilikuwa sawa. Kwenye usaili mmoja tulizungumza habari hiyo peke yake kwa nusu saa. Mzee aliyenihoji hakukubaliana na yule muuguzi, na tulibishana vizuri sana.

Wekeni daftari. Kila baada ya zamu andika mistari mitano: nini kilitokea, nini kilikukera, nini hukukielewa. Usiandike jina la mgonjwa, wala tarehe yake ya kuzaliwa, wala namba ya chumba. Sheria ya faragha ya wagonjwa ya mwaka 1996, HIPAA, si mchezo. Miaka mitatu baadaye, ukiketi kuandika insha, kumbukumbu itakupa maneno ya jumla yasiyo na ladha. Daftari litakurudishia kofia ya mzee.

Kuna mlango mmoja ambao ninyi mnao na wenzenu wengi hawana, nami hushangaa mnavyoupita kila siku. Mnazungumza Kiswahili. Familia nyingi kutoka Kongo zimepewa hifadhi nchini humu, zinazungumza Kiswahili, na zinakwenda hospitali. Sheria ya afya ya 2010 inazitaka hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu kumpa mgonjwa mkalimani mwenye sifa, na inakataza, isipokuwa kwenye dharura, kumtegemea mtoto amtafsirie mama yake. Wangapi hapa mmewahi kuwa mtoto huyo? Naona mikono. Basi kusomea ukalimani wa kitabibu kunahitaji mafunzo ya saa kama 40 ili uweze kuanza kuomba cheti cha kitaifa. Msidhani lugha ya nyumbani inatosha. Jaribuni sasa hivi kimoyomoyo kusema kwa Kiswahili "uvimbe huu si saratani, lakini unaweza kugeuka kuwa saratani" kwa namna ambayo bibi hatatoka pale akiamini anakufa. Halafu kumbukeni kwamba Kiswahili cha Bukavu si cha Unguja. Neno ulilolizoea laweza kumfanya akuangalie tu.

Na hapohapo kwenye asili zetu kuna mtego. Likizo inafika, unakwenda nyumbani, mjomba ana zahanati. Anakupenda, anajivunia mtoto anayesoma Marekani, anakupa koti jeupe. Unachoma sindano, unashona kidonda, mtu anakupiga picha. Unarudi na kuandika kwenye maombi kwamba ulishona. Wewe unadhani umetuvutia. Sisi tunasoma kwamba umefanya juu ya mwili wa maskini jambo ambalo hapa usingeruhusiwa kulifanya kwa mtu yeyote. Nimeona faili zuri likiangushwa na sentensi moja ya namna hiyo, na kamati haikubishana. Kwa mjomba nendeni. Pimeni urefu na uzito, pangeni kadi, kaeni na wanaosubiri foleni, ulizeni wametembea umbali gani. Sindano mwachieni mwenye leseni.

Utafiti? Mzuri. Kwa shule zinazojitambulisha kwa utafiti una uzito mkubwa, kwingine ni nyongeza. Sharti langu ni moja, uweze kunieleza swali lenu lilikuwa nini na kwa nini mtu alijali jibu. Mwanafunzi aliyeosha vioo vya maabara na kuelewa swali ananivutia kuliko yule ambaye jina lake ni la kumi na moja kwenye makala asiyoweza kuisimulia.

Huduma isiyo ya hospitali nayo tunaitafuta. Kumfundisha mtoto hesabu, kugawa chakula, kusaidia wageni wapya kujaza fomu. Kinachoonekana haraka ni urefu wa muda. Jumamosi mbili kwa mwezi kwa miaka mitatu zinasema jambo ambalo shughuli tisa za wiki moja moja haziwezi kulisema. Na kama unafanya kazi dukani kwa saa ishirini kwa wiki ili ulipe kodi ya nyumba, au unalea wadogo zako mama akiwa zamu, andika hilo. Usione haya. Fomu ina nafasi yake, na wasomaji wa sasa wanajua kwamba mwenye saa nyingi za kujitolea mara nyingi ni yule ambaye kodi yake inalipwa na mtu mwingine.

Sasa barua za mapendekezo. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo malezi yetu mazuri yanapotuangusha. Sisi tumefundishwa mwalimu hasumbuliwi. Unamheshimu kwa kukaa kimya, kufanya kazi yako vizuri na kutokumpotezea muda. Hapa profesa hutangaza saa za ofisi, anakaa mle ndani akisubiri, na hakuna anayekwenda ila wale wawili waliolelewa kwenye nyumba za wasomi. Mwaka wa tatu unamwendea kuomba barua. Anafungua daftari lake na kukuta umepata A. Anaandika kwamba ulipata A. Barua hiyo haina kosa hata moja na haikusaidii chochote, kwa sababu A tumeshaiona.

Nendeni ofisini. Wiki ya pili ya muhula, si wiki ya mtihani. Nenda na swali ambalo limekukwama kweli. Kama huna swali, muulize aliingiaje kwenye somo lake. Sijawahi kukutana na profesa aliyechoka kujibu hilo. Rudi tena. Ukimwomba barua, muulize kama anaweza kuandika barua yenye nguvu, na akisita, mshukuru, uondoke. Kusita huko ni zawadi. Mfumo wa maombi utakuuliza kama unaacha haki yako ya kuisoma barua. Iache. Barua ambayo mwombaji angeweza kuisoma huaminiwa kidogo.

MCAT nimeahidi kuiruka, ila neno moja. Ina sehemu nne, na moja yake haina sayansi kabisa: vifungu tisa vya falsafa, sanaa na jamii, maswali 53, dakika 90. Hapo ndipo wengi wetu ambao Kiingereza ni lugha yetu ya tatu tunapopotea, na hakuna kitabu cha kukariri kitakachotuokoa. Soma kila siku kitu kigumu ambacho hukipendi, kuanzia leo, ukiwa mwaka wa kwanza. Na usiende kuujaribu ili kuona ulivyo. Kila alama unayoiacha isimame shule zitaiona, na maisha yako yote unaruhusiwa mara saba tu.

Tuje kwenye karatasi yenyewe. Shule nyingi hutumia mfumo wa pamoja wa maombi uitwao AMCAS. Texas wana mfumo wao kwa vyuo vyao vya umma, na shule za D.O., yaani udaktari wa osteopathia, ambao wahitimu wake nao ni madaktari kamili wenye leseni, zina wa kwao. AMCAS inakupa nafasi 15 za shughuli. Kila moja herufi 700, ukihesabu na nafasi tupu. Tatu unazichagua kuwa za maana zaidi, unaongezewa herufi 1,325. Insha kuu ni herufi 5,300. Ni kidogo kuliko mnavyodhani. Wala hakuna anayekulazimisha kujaza nafasi zote 15. Nimefurahia mafaili yenye tisa. Insha isianze na bibi aliyefariki kama bibi hakukufundisha kitu unachoweza kukionyesha. Mabibi wengi wamefariki kwenye aya ya kwanza.

Kwenye usaili mtakutana na aina mbili. Ya zamani, unakaa na mtu mmoja au wawili. Nyingine ilibuniwa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 2000: vyumba vingi vidogo, kila kimoja na mhoji wake na tatizo lake, dakika mbili za kusoma mlangoni na dakika nane hivi za kuzungumza, kengele inalia, unahamia cha pili. Waliona kwamba mhoji mmoja akikupenda au akikuchukia kwa sababu zake mwenyewe, hatima yako inakuwa mkononi mwake. Wakiwa wengi, upendeleo wa mmoja unapungua nguvu. Faida yake kwako ni kwamba ukiharibu chumba cha tatu, wa chumba cha nne hajui. Wanaoanguka ni wale wanaoingia cha nne wakiwa bado wanakilia cha tatu. Mkifanya mazoezi, zoezeni hilo la kusahau. Majibu ya kukariri tunayasikia tangu kwenye kizingiti.

Kuhusu muda: maombi hufunguliwa Mei, zaidi ya mwaka mzima kabla ya kuanza shule, na shule nyingi hujaza nafasi kadiri mafaili yanavyofika. Anayetuma Juni na anayetuma Oktoba hawako kwenye foleni moja hata wakiwa na alama zilezile. Ada ya shule ya kwanza inazidi dola 170, kila inayoongezeka zaidi ya dola 40, kisha shule hukuletea maswali ya ziada yenye ada yake. Kuna mpango wa msaada wa ada wa AAMC, chama cha vyuo vya udaktari vya Marekani, unaopunguza gharama ya MCAT na kufuta ada ya shule kadhaa. Wenye hadhi ya ukimbizi au hifadhi wanaruhusiwa kuuomba, si raia tu. Lakini uombeni kabla ya kulipa, kwa sababu hawarudishi kilichokwishalipwa. Na ninyi mlio hapa kwa viza ya mwanafunzi, tazameni mapema orodha ya shule zinazopokea wanafunzi wa kigeni. Ni chache, na mikopo ya serikali kuu hamtaipata. Ni afadhali mlijue hili sasa kuliko mwaka wa nne.

Wazazi wangu, nanyi nina ombi. Mtoto akisema anataka kukaa mwaka mmoja baada ya kuhitimu, afanye kazi hospitali kwanza, msione kama amefeli. Siku hizi wengi wanaoingia hawaingii moja kwa moja. Mimi ule mwaka na miezi miwili baba yangu aliuita mwaka wa kupotea, na watu wakiuliza alikuwa akibadilisha mazungumzo. Sitasema zaidi, yupo hapa, amekaa karibu na mlango.

Jambo la mwisho ni dogo. Pale mezani kuna fomu za kujitolea hospitali. Kabla ya kukuruhusu kuingia wodini watataka rekodi za chanjo na kipimo cha kifua kikuu, na shughuli hiyo hula wiki kadhaa, kwa hiyo ianzeni mapema. Wengi wenu mliozaliwa kule kwetu, si hapa Marekani, mlichanjwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, mkiwa wachanga. Angalieni kovu begani. Kipimo cha ngozi kinaweza kuvimba kwa sababu ya chanjo hiyo, mkapelekwa kwenye picha za kifua mkazungushwa mwezi mzima. Mwambieni muuguzi mlichanjwa BCG, na ombeni kipimo cha damu.